Wino ukiondoka, sahihi ibaki

Gazeti la michezo likiandika kwamba mchezaji "amemwaga wino" Simba au Yanga, hakuna msomaji anayeuliza wino umemwagika wapi. Watangazaji wengine husema "ameanguka saini". Ofisini mtu huweka saini, kwenye hati za zamani za Pwani hutia sahihi, na asiyejua kuandika hutia dole gumba. Tendo hilo huchukua sekunde chache tu, lakini Kiswahili kimelipa maneno mengi kwa sababu lina uzito. Baada ya sekunde hizo nyumba huwa imeuzwa, deni limekubaliwa, au kampuni imezaliwa.

Sasa tendo hilo linabadilika umbo mbele ya macho yetu, nasi tunaombwa tulitafutie majina mapya. Ninaona kazi hiyo ni muhimu kuliko inavyodhaniwa. Jina tutakaloipa saini isiyo na wino litaamua kwa kiasi kikubwa watu watadhani inahitaji nini, na litaamua pia nani atalaumiwa mambo yakiharibika.

Nitaanzia Kilosa na Mikumi, kwa sababu maneno hufahamika vizuri zaidi yakitazamwa yakiwa kazini. Tangu mwaka 2018 Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, umekuwa ukipokea maombi kwa mfumo wa mtandaoni. Kabla ya hapo mtu wa wilaya ya Kilosa aliyetaka kusajili kampuni, awe mkulima wa mkonge upande wa Kimamba au mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, alifunga safari ya Dar es Salaam na makaratasi yake kwenye bahasha ya kaki, karibu kilomita 300 kutoka Mikumi. Asipoweza kwenda, alimlipa mtu wa kumpelekea. Leo safari hiyo kwa wengi huishia steshenari.

Sikiliza vitenzi vinavyotumika pale steshenari, kwa mpangilio wake. Kwanza ni kusajili. Neno hili lina asili ya Kiarabu, la ukoo mmoja na masjala, ile ofisi ya kutunzia majalada, na ndani yake mna maana ya kuandikwa mahali pasipopotea. Kisha kufungua akaunti, kwa Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na NIDA, tarakimu 20 ambazo wengi huzinakili kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kava la simu. Kisha kujaza fomu. Fomu ikijaa, kuprinti. Wakurugenzi na katibu wa kampuni husaini kwa kalamu, na kamishna wa viapo hugonga muhuri pale panapotakiwa kiapo. Kisha kuskani, kisha kupakia, na mwisho kulipa kwa kontroo namba, ambayo Serikali huiita kumbukumbu namba ya malipo.

Katika mlolongo huo waraka huzaliwa ndani ya kompyuta, hutoka nje kuwa karatasi ili uguswe na wino, halafu hurudi ndani ya kompyuta ukiwa picha. Tunauita usajili wa mtandaoni, lakini kiungo chake cha kati bado ni kalamu. Ikiwa mkurugenzi mmoja yuko Mikumi, wa pili yuko Ifakara na wa tatu yuko Mwanza, karatasi hupanda basi kumfuata kila mmoja. Saini ya kielektroniki inalenga kiungo hicho hasa: kuiacha karatasi ibaki ilikozaliwa, na kila mhusika aifikie kwa simu au kompyuta yake mwenyewe.

Basi tuyatazame maneno mawili yanayogombea nafasi hii: saini na sahihi.

Saini tumeichukua kwa Waingereza, ikaingia pamoja na risiti. Sahihi ni ya zamani zaidi. Katika Kiarabu shina lake hubeba maana ya uzima: kitu kisicho na ufa wala ugonjwa. Siha, yaani afya, ni ndugu yake wa damu. Kwa hiyo mwandishi wa hati wa Pwani aliposema mtu ametia sahihi, hakutaja kalamu wala mkono. Alitaja matokeo, kwamba waraka umekuwa mzima na maneno yake yamethibitika. Saini hutaja tendo la mkono, na sahihi hutaja hali ya waraka baada ya tendo hilo.

Kwa nini basi saini imeshinda, hasa Tanzania? Sababu kubwa ni ya kisarufi. Saini hukubali kuwa kitenzi bila taabu: nasaini, wamesaini, imesainiwa, tusainiane. Sahihi hugoma. Ukiigeuza kitenzi unapata kusahihisha, kazi ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu, na maana imekwisha kukimbia. Lazima uisaidie kwa tia, weka au piga. Katika ofisi yenye foleni ndefu, neno moja hushinda maneno mawili. Kenya sahihi bado ina nguvu kwenye magazeti na fomu, na huko nako sheria imekwenda mbele, kwani marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2020 yaliipa saini ya kielektroniki nafasi katika mikataba na nyaraka za kampuni. Tukizungumza pande mbili za mpaka kuhusu jambo moja, tunalitaja kwa majina mawili, na kila jina lina ubora wake.

Kando ya saini na sahihi wapo jamaa wawili wakubwa: dole na muhuri.

Kutia dole gumba kulikuwa alama ya kutosoma. Mzee aliyekwenda kuchukua malipo yake ya mkonge aliletewa kidau cha wino, akabonyeza, na waliosimama nyuma yake wakajua kwamba hakupata shule. Mambo yamegeuka. Laini za simu ziliposajiliwa upya kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, kila mtu, profesa na mchoma mkaa, aliweka kidole kwenye kifaa kidogo cha wakala. Sasa kidole ndicho ushahidi mzito kuliko mwandiko, na aibu ya zamani imekwisha. Lugha imelipokea jambo hili kwa heshima: badala ya dole gumba tunasema alama za vidole, jina lisilomtenga mtu yeyote.

Muhuri, neno lililotufikia kutoka Uajemi, bado unatawala vijijini. Barua ya mtendaji wa kijiji ikiwa na saini nzuri lakini haina muhuri, benki huirudisha. Watu huamini kwamba mkono unaweza kuigwa lakini chombo cha ofisi hakiigiki, ingawa wachonga mihuri wapo kila mji. Imani hiyo itakuwa kikwazo kwa saini ya kielektroniki kuliko ukosefu wa mtandao, kwa kuwa saini hiyo mara nyingi haina umbo la kuonyesha. Mtu ataprinti waraka uliosainiwa kielektroniki, atautazama, na atauliza, "Muhuri uko wapi?"

Jibu lake liko katika sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya mwaka 2015, inasema kwamba pale sheria inapotaka saini ya mtu, sharti hilo hutimizwa na saini ya kielektroniki iliyo salama. Kisha inaeleza usalama huo ni nini. Saini iwe ya pekee kwa matumizi yake, iweze kumtambulisha aliyesaini, itengenezwe na kubaki chini ya mamlaka yake, na ifungamane na waraka kiasi kwamba badiliko lolote baadaye litaonekana. Hapo ndipo muhuri ulipohamia: umeacha kuwa duara la wino wa bluu, umekuwa ufungamano kati ya mtu na maneno yake.

Namna ufungamano huo unavyofanywa inaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida. Mwenye saini hupewa funguo mbili za tarakimu zinazokwenda pamoja. Mmoja ni wa siri, anabaki nao mwenyewe. Wa pili ni wa wazi, kila mtu anaweza kuupata. Kompyuta huusoma waraka mzima na kuukamua hadi tarakimu fupi ambayo ni ya waraka huo tu. Ukibadilisha hata nukta moja, tarakimu inakuwa nyingine kabisa. Ufunguo wa siri huifunga tarakimu hiyo, na yeyote mwenye ufunguo wa wazi anaweza kuhakiki kwamba ilifungwa na mwenyewe na kwamba waraka haujaguswa. Wazo la funguo mbili lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na mataifa yakaanza kulitungia sheria katika miaka ya 1990.

Hapa istilahi zetu zinahitaji uangalifu, kwa sababu vitu vitatu tofauti vinaitwa kwa jina moja. Cha kwanza ni picha ya saini: umesaini kwenye karatasi nyeupe, umeipiga picha kwa simu, na unaibandika kwenye kila waraka. Cha pili ni saini ya kielektroniki kwa maana pana, yaani alama, sauti au hatua yoyote ya kielektroniki ambayo mtu anaitumia kujitambulisha na kuonyesha ridhaa. Cha tatu ni saini ya kidijitali, ile yenye funguo mbili. Picha ya saini anaweza kuibandika mtu yeyote aliyeipata, karani, shemeji au mwizi wa simu, na waraka ukabadilishwa baadaye bila kuacha alama. Mwenye steshenari anayemwambia mteja "nitakuwekea saini ya kielektroniki" huku akibandika picha hana nia mbaya. Ametumia jina tulilompa. Lawama ni yetu sisi tunaotunga maneno na kuyaacha yazagae bila mipaka.

Napendekeza basi tuyatenge hivi. Picha ya saini iitwe picha ya saini, ili jina lenyewe lionye. Saini ya kielektroniki libaki jina la jumla. Saini ya kidijitali liwe la ile yenye funguo tu. Na sahihi, neno letu la zamani, tulilinde kwa kazi kubwa kuliko zote, ambayo nitaieleza baada ya kupita Msowero.

Msowero ni kata ya wilaya ya Kilosa, kwenye barabara ya kutoka Kilosa mjini kwenda Dumila. Kila aliyesoma historia katika shule za Tanzania anaijua kwa sababu ya saini. Tarehe 29 Novemba 1884, Carl Peters, kijana Mjerumani wa miaka 28, alifika hapo akiwa na hati zilizoandikwa kwa Kijerumani na kumwekea mbele Mangungo, mtawala wa Msowero katika Usagara. Hati ilizungumzia urafiki wa milele, na ndani ya urafiki huo nchi yote na haki zake zikahamishwa. Mangungo akatia alama yake, mashahidi wakatajwa. Peters akaendelea kukusanya hati nyingine kama hizo Usagara na nchi jirani, akarudi Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa barua ya kuzipa ulinzi nchi hizo. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipinga bila mafanikio. Juu ya alama hizo za mkono ikajengwa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki.

Yaani mojawapo ya kampuni kubwa za kwanza kuigusa Kilosa ilisimama kwa sehemu juu ya karatasi zilizosainiwa Kilosa. Kwa taratibu za waliozileta, karatasi hizo hazikupungukiwa na kitu: jina lilikuwepo, alama ilikuwepo, tarehe na mashahidi walikuwepo. Zipime hata kwa masharti ya usalama ya leo. Aliyetia alama alijulikana, na alama ilikuwa yake mwenyewe. Kilichokosekana ni kwamba maneno aliyoyatilia alama hayakuwa katika lugha aliyoijua, na wazo la kuuza nchi kama mtu auzavyo mbuzi halikuwa katika sheria za Wasagara.

Leo mkataba mbovu ukijadiliwa bungeni au kijiweni, watu husema ni mkataba wa Chifu Mangungo. Jina lake limekuwa istilahi. Sipendi namna linavyotumika kwa kejeli, kana kwamba kosa lilikuwa ujinga wake. Aliyefika na hati ya lugha ya kigeni alijua alichokuwa akikifanya, na aibu ni yake. Ila somo la neno hilo ni la thamani. Alama ya Mangungo ilikuwa saini. Kuiita sahihi kungekuwa kulitukana neno.

Na sheria ya mwaka 2015 inakubaliana na Kiswahili cha kale kwa namna inayonifurahisha sana. Inapoifafanua saini ya kielektroniki haiishii kwenye utambulisho. Inataka saini hiyo ioneshe ridhaa au nia ya mhusika kuhusu yaliyomo katika waraka. Funguo mbili zinaweza kutuambia ni nani, na kwamba hakuna kilichobadilishwa. Haziwezi kutuambia kwamba aliyesaini aliyaelewa maneno yenyewe. Mambo mawili ya kwanza ni kazi ya mafundi wa kompyuta. La tatu ni kazi ya lugha, na lugha ina wenyewe, ambao ni sisi.

Twende tena kwenye fomu za kampuni tukiwa na jicho hilo. Katiba ya kampuni kwa kawaida bado huandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi kwa kunakili kielelezo kilichozunguka kutoka mkono hadi mkono. Mwanahisa wa Mikumi aliyeuza mahindi miaka kadhaa ili aingie ubia wa nyumba ya wageni husaini kurasa nyingi ambazo hakuna aliyemsomea. Hajui kwamba kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, kwamba fedha za kampuni si zake hata kama hisa ni zake, na kwamba taarifa za mwaka zisipowasilishwa kwa Msajili adhabu huanza kujikusanya. Wino ulimpa angalau safari na mkutano, ambamo mtu angeweza kuuliza. Saini ya simu itamwondolea hata mkutano huo. Kasi yake ni neema kwa anayeelewa, na ni hatari kwa asiyeelewa.

Pana pia istilahi zilizokwisha kutafsiriwa ambazo bado hazijafika. Mfano ni mmiliki manufaa, mtu anayefaidika na kampuni au kuiongoza kwa kweli hata kama jina lake halimo kwenye hisa. Wajibu wa kumtaja kwa Msajili uliingia kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2020, na lengo lake ni jema, kuwaanika wanaojificha nyuma ya majina ya watu wengine. Lakini neno lenyewe limebandika nomino mbili bila gundi, na msikilizaji hubaki akijiuliza nani anamiliki manufaa ya nani. Mmiliki wa kweli lingeeleweka sokoni Kilosa siku hiyo hiyo, tena lingebeba ule ukali wa maadili ambao sheria inaukusudia. Mtu akiulizwa, "Mmiliki wa kweli wa kampuni hii ni nani?", kudanganya kunakuwa uongo ulio wazi. Istilahi ngumu humpa mdanganyifu pa kujifichia.

Dhima yenye ukomo, kwa upande mwingine, ni kazi nzuri ya watangulizi wetu. Dhima ni mzigo wa wajibu ambao mtu anabeba shingoni, na ukomo ni mahali unapoishia. Mtu akiambiwa kwamba dhima yake ina ukomo, anaelewa kwamba kampuni ikifilisika, mkopeshaji atachukua alichowekeza na hatamfuata hadi kwenye kitanda cha mtoto. Maneno mawili ya Kiswahili yamebeba somo la muhula mzima wa sheria.

Fursa ya kisheria tunayo. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967 kwa kazi ya kusanifu maneno, na BRELA inao mfumo ambao ukibadilishwa mahali pamoja hubadilika nchi nzima, hadi steshenari ya Mikumi. Kinachotakiwa ni hatua ndogo. Kabla ya kila kitufe cha kusaini, skrini ioneshe kwa Kiswahili chepesi, katika aya moja, mtu anasaini nini, anapata haki gani, anabeba dhima gani na adhabu ni ipi akikosea. Asiyesoma apewe sauti ya kusikiliza, maana sheria yenyewe haidai kwamba ridhaa ije kwa maandishi tu. Na vielelezo vya katiba ya kampuni vya Kiswahili vikaguliwe na wanasheria pamoja na wanaisimu, kisha vitolewe bure.

Kiswahili kimekwisha kutupa hata kitenzi cha hatua hiyo. Tunasema bofya kwa kugusa kitufe. Kabla ya kompyuta, kubofya kulikuwa kubonyeza kwa kidole ili kujua ulaini wa kitu, kama mnunuzi anavyolibofya embe kabla ya kutoa hela. Aliyelichagua neno hilo alichagua vizuri kuliko alivyotarajia, kwa sababu ndani yake mna kupima kwanza na kukubali baadaye. Mifumo yetu ijengwe ili kitufe cha "Nakubali" kistahili kitenzi hicho.

Basi saini na iende na wakati wake, iwe ya kalamu, ya kidole au ya funguo za tarakimu. Sahihi tuiweke kwa ile iliyotimiza yote matatu: mtu anajulikana, waraka haujaguswa, na maneno yameeleweka na aliyeyakubali. Mahakama, wasajili, mawakili na wenye steshenari wakiizoea tofauti hiyo, mwanahisa wa Kilosa ataweza kuuliza swali moja kabla hajagusa skrini, na kila ofisi itawajibika kumjibu kwa lugha yake: nikisaini hapa, nitakuwa nimekubali nini?